Serengeti haijajaa, kivuko ndicho kimejaa

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763. Unaweza kuondoka Seronera alfajiri, ukazunguka mpaka jua likakaa utosini, ukala chakula chako chini ya mgunga, na magari uliyopishana nayo yasizidi vidole vya mikono miwili. Ufike Kogatende mwezi Agosti sasa, siku ambayo nyumbu wamesogea ukingoni mwa Mto Mara. Magari yamebanana bampa kwa bampa, mengine yamejipenyeza vichakani, mapaa yamefunguliwa, kamera zimeelekezwa majini, na madereva wanatupiana maneno ambayo wageni wao kwa bahati nzuri hawayaelewi. Hifadhi ni ileile moja.

Naanza na hili kwa sababu mjadala wa msongamano maporini kwetu huanza kombo kila mwaka. Huyu anasema watu wamekuwa wengi, wapunguzwe. Yule anamjibu kwamba nchi ni kubwa, nafasi ni tele, asitufukuzie wageni. Wote wawili wanagombania ukubwa wa eneo, na eneo halijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni saa moja, ukingo mmoja wa mto, na tukio moja ambalo kila aliyekata tiketi ya ndege ameahidiwa kwamba ataliona.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuna faida yoyote kupigania mapori yasigeuke stendi, namjibu kwamba ipo, tena kubwa. Ila vita yenyewe inapiganwa mahali sipo, na mara nyingi anayepigwa siye.

Tuangalie kinachotokea pale mtoni. Nyumbu hawavuki kwa ratiba. Kundi linaweza kusimama ukingoni saa nzima, saa tatu, likaahirisha mpaka kesho. Anatangulia mmoja, anashusha miguu ya mbele, ananusa maji, anarudi nyuma. Nyuma yake vumbi linapanda, walio mwisho wanawasukuma walio mbele. Utaratibu unajulikana kwa kila anayeendesha wageni: magari yakae mbali, injini zizimwe, mto uachiwe nafasi mpaka wa kwanza waingie majini na kundi lishike njia, hapo ndipo magari yasogee. Ni utaratibu mwepesi na unafanya kazi vizuri kabisa mpaka gari moja linapoamua kusogea kidogo tu. Likishasogea, la pili haliwezi kubaki, maana mgeni aliye ndani anaona mwenzake anapata picha na yeye anaona mgongo wa gari. Redio kolu zinaanza kupiga kelele. Ndani ya dakika chache magari yote yanakimbilia ukingo kama abiria wa Mbagala wanaogombea basi la jioni, na yule nyumbu aliyekuwa ameshalowesha kwato anageuka. Akigeuka yeye, kundi lote linageuka naye. Au linashuka kwingine, penye mwamba na genge refu, kwa sababu njia ya mababu zao imeegeshwa magari.

Julai 2025 kipande cha video kutoka Kogatende kilizunguka dunia nzima kikionyesha jambo baya zaidi ya hilo: wageni wameshuka kwenye magari, wamesimama ukingoni kwa miguu, nyumbu wanahangaika kutafuta upenyo. Kushuka garini mahali pasiporuhusiwa ni kosa ndani ya hifadhi, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilitoa taarifa ya kulaani na kuahidi hatua. Watu walikasirika mitandaoni kwa wiki moja hivi. Wengi waliwatukana watalii, wengine wakawatukana madereva.

Mimi dereva simtukani haraka. Huyu ni mtu ambaye mshahara wake, kama anao, ni mdogo. Kinachosomesha watoto wake ni tipu, na tipu inategemea uso wa mgeni siku ya mwisho anaposhushwa uwanja wa ndege. Mgeni amelipa maelfu ya dola. Ameonyeshwa kwenye tangazo nyumbu wakiruka majini na mamba wakingoja. Akirudi kwao hajayaona hayo, ataandika kwenye simu yake kwamba mwongozaji hakujua kazi, na kampuni itayasoma maneno hayo kabla hayajapoa. Dereva anayebaki nyuma kwa kuheshimu utaratibu anajikata mwenyewe ili mwenzake anufaike. Ukiweka mamia ya watu kwenye hali hiyo kila msimu, halafu ukawaambia wawe waungwana, hujaweka sheria yoyote. Umetoa mawaidha.

Kuna pingamizi linalotolewa na watu wanaolijua pori, na si la kupuuzwa. Wanasema nyumbu wanakufa kwa maelfu hata pasipokuwa na gari hata moja. Ni kweli. Utafiti wa Amanda Subalusky na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba wastani wa nyumbu 6,250 hufa maji katika Mto Mara kila mwaka, na kwamba mizoga ile si hasara tupu: mamba, tai, korongo na samaki wanaila, na mifupa inaendelea kuulisha mto kwa miaka kadhaa baadaye. Mto umezoea vifo. Kundi la nyumbu zaidi ya milioni moja halitatoweka kwa sababu Land Cruiser nane zimeziba genge moja.

Lakini nyumbu ndiye mnyama anayeweza kustahimili kuliko wote, na kumtumia yeye kama kipimo ni kujidanganya. Mwangalie duma. Duma huwinda mchana, muda uleule wageni wanapokuwa nje. Mwili wake mwepesi haumruhusu kupigania windo, na watoto wake hujificha majanini kwa wiki nyingi. Mtafiti Femke Broekhuis aliwafuatilia duma jike wa Maasai Mara, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Kwenye maeneo yenye watalii wachache, jike alifanikiwa kukuza kwa wastani watoto 2.3 hadi wakajitegemea. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2. Isome tena hiyo namba. Hakuna aliyewapiga risasi, hakuna aliyewatega. Magari yaliwazunguka tu, watu wakapiga picha, wakasema ni wazuri sana, wakaondoka, na gari lingine likaja kuchukua nafasi. Kenya ina kanuni inayosema magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja. Kila aliyewahi kwenda Mara msimu wa watalii anajua kanuni hiyo inaheshimiwa kiasi gani pale ambapo hakuna askari.

Bahari nayo ina yake. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo walikuwa wakivuliwa kuwa chambo cha papa, mpaka miaka ya 1990 wavuvi walipogundua kwamba pomboo hai analipa zaidi. Hilo ni jambo jema. Leo boti zinawafukuza pomboo walewale asubuhi nzima, nahodha anakata mbele yao, mgeni anarushwa majini na miwani yake, na tafiti zilizofanywa palepale zimeonyesha kwamba boti zikiwepo, pomboo hupumzika kidogo, hula kidogo, muda mwingi ni kukimbia. Tumeacha kuwachinja, tukaanza kuwachosha.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu kila anayetaja ukomo wa magari huulizwa kwanza kama anataka watu wale nyasi. Swali ni halali. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020, corona ilipofunga anga, wakashuka hadi 620,867. Arusha na Moshi wanakumbuka magari ya kampuni yakiuzwa kwa bei ya hasara, wapishi wa kambi wakirudi shamba, wapagazi wa Kilimanjaro wakiingia kwenye bodaboda. TANAPA ina hifadhi zaidi ya 20, na chache tu, Serengeti na Kilimanjaro zikiongoza, ndizo zinazozibeba nyingine zote mgongoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa mkoa wa Arusha methali hiyo ni bajeti ya kaya.

Ila fedha haikuja kwa sababu magari yamebanana. Ilikuja kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuona. Na hapa ndipo ninapokwazika na namna tunavyojipima. Lengo lililotangazwa la mwaka 2025 lilikuwa watalii milioni 5. Mwaka 2024 wa kimataifa pekee walizidi milioni 2.1, na kila hotuba ya kiongozi wa sekta hufunguliwa kwa kuhesabu vichwa. Mkuu wa hifadhi anayepimwa kwa vichwa atamrudisha nani getini? Ukimwambia mtu mafanikio yako ni idadi, halafu ukamtaka azuie idadi, umempa kazi mbili zinazopigana, na sote tunajua ipi itapandishwa cheo.

Jibu linalopendwa na wachumi ni bei. Pandisha kiingilio, wachache waje, fedha ibaki palepale. Kaunti ya Narok, Kenya, ilifanya hivyo: tangu Julai 2024 mtu mzima asiye mkazi analipa dola 200 kwa siku kuingia Maasai Mara kati ya Julai na Desemba. Na Rwanda inatajwa kila mahali: mwaka 2017 kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kilitoka dola 750 hadi 1,500 kwa siku moja, na mgawo wa mapato ya hifadhi kwa jamii jirani ukapandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10.

Lakini ukiutazama mfano wa Rwanda kwa makini, bei siyo iliyomlinda sokwe. Kinachomlinda ni kwamba familia moja ya sokwe hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja, na saa ikiisha mnaondoka hata kama ndiyo kwanza mtoto wa sokwe ameanza kucheza. Ukomo ulikuwepo tangu kibali kikiwa rahisi. Bei ilikuja baadaye kuamua nani apate nafasi chache zilizopo, na kuifanya nchi isipoteze kwa kukataa wengine. Tukiiga bei bila ukomo tunapata kitu kibaya kuliko tulichokuwa nacho, kwa sababu aliyelipa dola 200 ana haraka kuliko aliyelipa 80, anataka thamani ya fedha yake kabla jua halijatua, na dereva wake anajua.

Kenya hiyohiyo ina mfano mwingine mzuri na hausifiwi vya kutosha. Pembezoni mwa Mara, wafugaji wa Kimaasai wenye hati za ardhi wameunganisha mashamba yao na kuyakodisha kwa kambi za utalii. Baadhi ya hifadhi hizo za jamii zimeweka ukomo wa takriban hema moja kwa ekari 700. Hawakuanza kwa kuhesabu watu getini, walihesabu vitanda. Mahali pasipo na kitanda, gari halitakuwepo saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye ardhi analipwa kodi yake mgeni aje asije, na mifugo huchungwa kwa mpangilio. Ndani ya hifadhi kubwa ya Maasai Mara yenyewe, hoteli mpya ya kifahari ilifunguliwa mwaka 2025 kando ya Mto Sand, na kesi ikaenda mahakamani Narok kwa madai kwamba imekaa kwenye njia ya wanyama. Kuhesabu magari huku ukiendelea kugawa viwanja vya hoteli ni kufunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.

Nimefika sehemu inayoniuma zaidi. Kwetu, hoja ya kwamba pori limezidiwa na watu ina historia, na historia yake haina gari la mtalii. Mwaka 1959 wafugaji wa Kimaasai waliondolewa Serengeti ili iwe hifadhi tupu, wakaahidiwa Ngorongoro. Miaka zaidi ya 60 baadaye wakaambiwa Ngorongoro nayo imezidiwa: takwimu za serikali zinasema walikuwa takriban 8,000 mwaka ule na sasa wamepita 100,000. Kuanzia 2022 wakaanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari, wengi wa wanaohusika wakisema hiari gani hiyo ya kunyimwa huduma. Juni mwaka huohuo Loliondo, kilometa za mraba 1,500 zilipowekewa mipaka na baadaye kuwa Pori la Akiba la Pololeti, askari polisi mmoja aliuawa na wananchi wakajeruhiwa.

Sisemi kwamba ongezeko la watu na mifugo halina uzito kwa ardhi. Lina uzito, na Wamaasai wenyewe ndio wa kwanza kuuona malisho yanapokwisha. Ninachosema ni kwamba chini ya kreta ya Ngorongoro, eneo la kilometa za mraba 260 tu, magari yanashuka kwa msururu kila asubuhi ya msimu, na sijasikia mtu akisema kampuni za utalii zihamishwe kwa hiari. Ng'ombe amezuiwa kushuka kreta. Gari linalipa, linashuka. Nchi ikiwa na ujasiri wa kumwambia mama mwenye boma na watoto kwamba nafasi imekwisha, ikose ujasiri wa kumwambia hivyo mwenye kampuni ya magari 40, wananchi watahitimisha kwamba neno uhifadhi ni jina la heshima la fedha. Na hawatakuwa wamekosea sana.

Ndiyo maana naogopa ukomo unaohesabu watu. Mtanzania mtu mzima anaingia Serengeti kwa sh. 10,000 na kodi juu yake. Kiingilio si kikwazo. Kinachomshinda ni gari na mahali pa kulala. Tukianza kugawa nafasi kwa vichwa, basi la shule kutoka Bunda lenye wanafunzi 50 litaonekana msongamano mkubwa kuliko magari 20 yenye wageni wawiliwawili. Kwa duma, basi lile ni kitu kimoja kinachopita barabarani. Hesabu magari. Basi la shule lipewe nafasi moja, na gari la mtu mmoja anayetaka faragha lipewe nafasi moja vilevile, alipie gharama ya ufahari wake. Nashangaa kwamba hoja hii rahisi haimo kwenye mijadala yetu; nadhani ni kwa sababu wanaoandika mapendekezo hawapandi mabasi.

Wapo wanaosema tuwatawanye wageni: Ruaha ni kubwa kuliko Serengeti na haina foleni, Katavi unaweza kukaa siku mbili hujaona gari. Sawa, na mimi ningependa. Ila kusini nako kuna watu. Mradi wa REGROW, uliokusudiwa kufungua utalii wa kusini kwa mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia, ulifutwa Novemba 2024 baada ya malalamiko ya wanavijiji wa jirani na Ruaha kuhusu kuhamishwa na kunyanyaswa. Kutawanya wageni bila kubadili tabia ni kuusafirisha ugomvi uleule kwa ndege ndogo.

Wanaoniambia kwamba vita hii haishindiki nawakumbusha barabara. Mwaka 2010 mpango wa kupitisha lami kaskazini mwa Serengeti ulionekana umekwisha kuamuliwa. Aliyepinga aliitwa adui wa maendeleo. Shirika moja la kutetea wanyama kutoka Nairobi, ANAW, likaipeleka Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, mjini Arusha, na Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga barabara ya lami kupita pale. Wenye haja ya barabara kule Loliondo na Mugumu walikuwa na haki ya kuidai, na bado wanayo. Ndiyo maana njia ya kuzunguka kusini mwa hifadhi ilitajwa tangu mwanzo. Lakini jambo lililosemwa kuwa haliwezekani liliwezekana, kwa karatasi na mawakili.

Kwa kivuko hata mawakili hawahitajiki. Vivuko vinavyotumika sana vinajulikana kwa majina na namba, madereva wanavijua gizani. Kila kivuko kipewe idadi ya magari, yasubiri nyuma ya mstari unaoonekana, wa kwanza kufika awe wa kwanza kusogea, na baada ya muda uliopangwa aondoke. Askari wa uhifadhi aliye pale awe na mamlaka ya kulirudisha gari lolote, pamoja na lile lenye namba za serikali na lile la mgeni wa mtu mkubwa, maana msimu wote hufahamika ni gari gani halisimamishwi. Faini iende kwa kampuni, isikatwe kwenye mshahara wa dereva. Na jina la kampuni iliyotozwa libandikwe getini Naabi na Klein's, na liwekwe kwenye tovuti ambayo mgeni anaisoma kabla hajalipa.

Hilo la mwisho ndilo litakalopingwa kuliko yote, na wanaolipinga watakuja wizarani na suti nzuri. Madereva sidhani kama watakuwemo. Ukikaa nao jioni kambini, wengi watakwambia wanauchukia ule mkimbizano kuliko wewe: unavunja springi, unawagombanisha na watu wanaofahamiana miaka 15, na mgeni mwenyewe mara nyingi anaondoka na picha ya magari. Wanachotaka ni kuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni anapowapigapiga begani akisema twende mbele: mstari, na askari asiyepokea simu.